Udongo Umepimwa, Dukani Kuna Nini?

Vocha za pembejeo zilizoanza kugawiwa kwa wingi nchini Tanzania msimu wa 2008/2009 zilikuwa na kifurushi kimoja tu cha mahindi. Mkulima alipata mfuko wa mbolea ya DAP wa kupandia, au badala yake mifuko miwili ya mbolea ya Minjingu, mfuko mmoja wa urea wa kukuzia, na kilo 10 za mbegu bora. Ekari moja, basi. Serikali ililipa kama nusu ya gharama, iliyobaki ikatoka mfukoni mwa mkulima. Anayelima udongo mwekundu wa vilima vya Njombe, uliooshwa na mvua karne kwa karne, alipewa kilekile alichopewa anayelima udongo wa volkano chini ya Mlima Meru.

Sisemi hivyo kuubeza mpango ule. Uliwafikia wakulima zaidi ya milioni 2, wengi wao wakishika mfuko wa mbolea ya kiwandani kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa sehemu kubwa ya udongo wetu ina njaa ya naitrojeni, urea iliwaongezea mavuno hata pale ambapo kifurushi hakikuwafaa sawasawa. Lakini zahanati zetu zimeshatufundisha kwamba si kila homa ni malaria, na siku hizi mgonjwa hapewi dawa mseto kabla hajatobolewa kidole. Shamba nalo lina homa za aina nyingi. Mahindi yenye majani ya zambarau yanalilia fosforasi. Yenye majani ya chini yaliyoungua kingo yanataka potasiamu. Majani machanga yakiwa na michirizi myeupe, mara nyingi ni zinki. Na mche uliodumaa, wenye mizizi mifupi, minene na iliyopindapinda, huenda haudai chochote kilichomo kwenye mfuko. Unateswa na uchachu wa udongo wenyewe. Kuipa yote hiyo DAP ni kutibu homa bila kupima.

Serikali imeanza kutoboa kidole. Aprili 2022, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan aligawa pikipiki kwa maafisa ugani pamoja na vifaa vya kupimia afya ya udongo kwa ajili ya halmashauri. Agosti 8 mwaka huohuo, kwenye Nane Nane ya Mbeya, akazindua ruzuku ya mbolea: mfuko wa kilo 50 wa DAP uliokuwa umepanda hadi karibu shilingi 130,000 ukashushwa hadi 70,000, urea vilevile 70,000. Hatua mbili kubwa ndani ya miezi minne, na nilizipokea zote kwa furaha. Shida ni kwamba kila moja ilishika njia yake. Ruzuku humtambua mkulima kwa namba ya usajili, kijiji, ukubwa wa shamba na zao. Kipimo humtambua kwa pH, fosforasi na mboji. Kwa miaka niliyofanya kazi hii ya udongo nimefikia msimamo huu: kipimo cha udongo kisichofungamanishwa na bei ya ruzuku, na bidhaa zilizopo kwenye duka la pembejeo la karibu, kinaishia kuwa karatasi ndani ya bahasha.

Karatasi hiyo nimeiona. Msimu mmoja nilikaa barazani kwa mama mmoja mkulima, milimani Njombe. Baada ya shikamoo na marahaba na kikombe cha chai, aliingia ndani akatoka na bahasha ya kaki iliyochakaa pembe. Mlikuwa na kitambulisho cha NIDA, kadi ya kliniki ya mjukuu, risiti za mbolea za misimu miwili, na karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne. Aliikunjua taratibu juu ya goti akaniwekea mkononi. pH 4.8. Fosforasi miligramu 6 kwa kilo. Kaboni asilimia 2. Kila namba ilikuwa na neno la Kiingereza pembeni yake.

"Mwanangu," akaniuliza, "hapa wamesema ninunue nini?"

Niliisoma mbele na nyuma. Hawakuwa wamesema. Nyuma ya mama, mfuko wa DAP aliokwisha kununua kwa ruzuku ulikuwa umeegemea ukuta.

Nimweleze msomaji nilichomweleza yule mama, maana hapa ndipo kila kitu kinapoanzia. pH hupanda na kushuka kwa makumi: udongo wa 4.8 una uchachu mara kumi ya udongo wa 5.8. Ndani ya udongo mfinyanzi mna aluminiamu nyingi sana, ambayo kwa kawaida imejifunga na haimdhuru mtu. pH ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu hiyo huanza kuyeyuka kwenye maji ya udongo, na ncha za mizizi zikiigusa zinavimba na kuacha kurefuka. Mche unakaa juu ya unyevu usioweza kuufikia. Papo hapo, aluminiamu na chuma huikamata fosforasi na kuishikilia. Mfuko mmoja wa DAP una kilo 23 za fosfeti na kilo 9 za naitrojeni. Kwenye udongo kama ule, sehemu kubwa ya zile kilo 23 hukamatwa kabla mzizi haujafika. Ni kumwekea chakula mtu aliyefungwa mdomo.

Kuna jambo la kusikitisha zaidi, na ni lazima lisemwe kwa sababu wauza mbolea hawalisemi. DAP na urea zenyewe huongeza uchachu. Vijidudu vya udongo vinapogeuza amonia kuwa naitreti, huachia asidi. Msimu mmoja si kitu. Misimu ishirini ya mbolea hizohizo mbili, kwenye udongo uliokwisha kuoshwa na mvua, bila chokaa na bila samadi, hushusha pH kidogo kidogo mpaka siku moja mkulima anasema mbolea ya siku hizi haina nguvu kama ya zamani.

Au anasema ni feki. Watafiti wakiongozwa na Hope Michelson wa Chuo Kikuu cha Illinois walipima urea iliyokuwa ikiuzwa madukani mkoani Morogoro, wakaikuta karibu yote ina naitrojeni inayotakiwa. Wakulima wa mkoa huohuo, walipoulizwa, waliamini sehemu kubwa yake imechakachuliwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021, na tangu niyasome nimekuwa mwepesi wa kuuliza pH ya shamba kabla ya kumshuku wakala. Mkulima hadanganyi anapokuambia ameweka mbolea na hakuona kitu. Anakosea tu mahali pa kumtafuta mwizi.

Shamba la yule mama lilihitaji chokaa ya kilimo, tani moja kwa ekari kwa kuanzia, imwagwe na kuchanganywa na udongo miezi miwili mitatu kabla ya kupanda. Chokaa ya kilimo si ile ya kupaka kuta. Ni jiwe la chokaa lililosagwa likawa unga, zito, lisilovutia, na kinachoumiza zaidi kwenye bei yake ni lori la kulifikisha kilimani. Sijawahi kuona watu wamepanga foleni ya chokaa kama wanavyopanga foleni ya DAP. Na hata kama karatasi yake ingesema chokaa kwa herufi kubwa, ilimfikia Desemba, mahindi yakiwa magotini. Sampuli ilikuwa imechukuliwa Septemba.

Kabla sijawatupia mzigo wote watu wa maabara, nirudi shambani, kwa sababu makosa mengi huanzia kwenye jembe. Ekari moja, ukichimba kina cha sentimita 20, ina takriban tani 1,000 za udongo. Kinachosafiri kwenda maabara ni nusu kilo. Kinachoingia kwenye chupa ya kemikali ni gramu 2 au 3, kiasi kinachokaa kwenye ncha ya kijiko. Gramu hizo zinatumwa kuzisemea tani elfu. Zikichukuliwa vibaya, hata mashine ya bei mbaya itapima kwa usahihi kabisa udongo ambao si wa shamba lile.

Nimeona afisa ugani akiegesha pikipiki, akichota udongo hatua tano kutoka barabarani, akaandika namba na kuondoka. Simlaumu sana, siku hiyo alikuwa na vijiji vitatu. Lakini kazi hii ina namna yake. Unatembea shamba kwa mwendo wa nyoka na kuchota sehemu 15 hadi 20. Unakipita kichuguu, unapita lilipokuwa zizi, unapita palipochomwa takataka, chini ya mti, na kwenye njia ya ng'ombe. Kila mahali unafagia majani, unachimba shimo lenye umbo la V mpaka sentimita 20, kisha unakata kipande chembamba cha ukuta wake kutoka juu hadi chini kama unavyokata mkate. Unakitia kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati haifai, ina zinki, na zinki yake itaingia kwenye majibu. Mfuko wa zamani wa mbolea haufai kabisa. Ukimaliza, unavunja mabonge, unachanganya kama unga wa chapati, unatandaza juu ya turubai safi na kugawa mafungu manne. Mawili ya pembe zinazotazamana unayatupa, mawili unayachanganya tena, unagawa tena, mpaka ibaki nusu kilo. Unaianika kivulini. Unaandika lebo kwa penseli, kwa kuwa wino ukipata unyevu unatawanyika na sampuli inabaki bila mwenyewe.

Kazi hiyo huchukua saa moja na nusu kwa shamba la ekari mbili. Hakuna kifaa kinachoifupisha. Ndiyo maana ninaamini wakulima wenyewe wafundishwe kuifanya, kwa vikundi, na bwana shamba awe wa kukagua. Wao ndio wanaojua kichuguu kilichosawazishwa kilikuwa wapi na zizi la babu lilikuwa upande gani.

Maabara ina hatua nyingi, na nyingine nitazipita. Ninayoipenda ni ya fosforasi. Udongo hutikiswa na kemikali, maji yake huchujwa, kisha huongezwa dawa inayoyageuza kuwa bluu: bluu nzito fosforasi ikiwa nyingi, bluu hafifu ikiwa haba. Chupa zikipangwa kwenye fremu yake unaona kijiji kizima kwa jicho kabla mashine haijasema neno. Mara nyingi chupa ya bustani ya jirani na jikoni, inakotupwa majivu na samadi, ndiyo yenye rangi kuliko zote, na za mashamba ya mbali zinakaribia maji matupu. Mkulima mmoja, mashamba mawili, dawa mbili tofauti.

Ila hata namba iliyopatikana vizuri haina maana peke yake. Kwa nini 6 iwe kidogo? Ni kidogo kwa sababu mahali fulani mtu alipanda mahindi kwenye udongo wa namna hiyo, vitalu vingine na fosforasi na vingine bila, akavuna, akapima kwa mizani, akaona tofauti. Bila majaribio hayo ya shambani, maabara ni kipimajoto bila mtu anayejua joto la mwili wa mtu mzima ni ngapi.

Afrika Mashariki haikuanza jana. Adolf Mehlich, ambaye jina lake liko kwenye kemikali zinazotumika leo katika maabara nyingi duniani, alifanya kazi Nairobi. Mwaka 1962 yeye na wenzake waliandika mbinu za kupima udongo kwa wingi katika maabara za taifa za kilimo za Kenya. Miongo mitatu baadaye, mwaka 1994, Kenya ilitoa mapendekezo ya mbolea ya wilaya kwa wilaya yaliyotokana na majaribio ya miaka mingi. Kwetu, kituo cha Mlingano kule Muheza, mkoani Tanga, kilichozaliwa kama kituo cha utafiti wa mkonge mwaka 1934 na baadaye kikawa makao ya huduma ya taifa ya udongo, kilitoa mwaka 1993 mapitio ya mapendekezo ya mbolea ya nchi nzima. Kazi nzuri, ya watu waliotembea.

Tangu hapo imepita zaidi ya miaka 30. Mbegu tunazopanda si zile. Mvua haiji siku ileile. Udongo wenyewe umevunwa mara thelathini na zaidi, na kila gunia la mahindi liliondoka na kitu ambacho mara nyingi hakikurudishwa. Fedha ikipatikana kesho na nikaulizwa iende wapi, sitaanza na mashine mpya. Nitaomba vitalu vya majaribio kwenye mashamba ya wakulima, mamia kwa mamia, kutoka Mbozi hadi Karatu, vikisimamiwa na vituo vya utafiti wa kilimo vya TARI na chuo cha Sokoine, misimu mitatu mfululizo, vyenye DAP, vyenye chokaa, vyenye salfa, vyenye samadi na visivyo na chochote. Kitalu kisicho na chochote ndicho kinachofundisha zaidi, na ndicho mkulima anachokataa kukitoa mpaka umhakikishie fidia.

Kuhusu vifaa vya mkononi vilivyogawiwa halmashauri, nina la kusema kwa uangalifu, kwa kuwa wengi wameviwekea matumaini makubwa. Vingi vya aina hii hufanya kazi kwa mwanga. Humulika udongo kwa mwanga usioonekana kwa macho, vikasoma unavyorudi, kisha vikalinganisha na maktaba ya sampuli zilizokwisha kupimwa kwa kemikali. Sehemu ya sayansi hiyo ilipikwa Nairobi, katika kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ambako Keith Shepherd na Markus Walsh walichapisha kazi yao ya msingi mwaka 2002. Kwa kaboni na ufinyanzi, mwanga hutoa majibu mazuri. Kwa pH hutoa majibu ya kuridhisha pale maktaba ilipojengwa kwa udongo unaofanana. Lakini fosforasi inayopatikana kwa mmea, salfa na zinki havina alama yao wenyewe kwenye mwanga. Kifaa huvikisia kupitia vitu vingine. Anayemsomea mkulima zinki kutoka kwenye kifaa hicho kana kwamba ameiona kwa macho anamkosea. Kitumike kama kipimajoto cha mlangoni: kipitishe wengi haraka, kiwachuje wenye uchachu mkali, na wenye mashaka wapelekwe maabara.

Naitrojeni nayo isitudanganye. Naitreti huondoka na mvua moja kubwa. Kilichopimwa Agosti hakipo Januari. Mtaalamu mwaminifu hupanga urea kwa kuangalia mavuno yanayotarajiwa, mvua na zao lililotangulia, na hiyo namba ya naitrojeni kwenye karatasi huiacha kama habari ya mboji.

Sasa turudi kwenye hoja ya bei. Mkoani Morogoro, Aurélie Harou wa Chuo Kikuu cha McGill na wenzake walifanya jaribio ambalo kila mpanga bajeti ya kilimo angepaswa kulijua. Waligawa kaya za wakulima wa mahindi katika makundi manne. La kwanza lilipewa majibu ya udongo wa shamba lao na ushauri wa mbolea. La pili lilipewa vocha ya kununulia pembejeo. La tatu lilipewa vyote viwili. La nne halikupewa kitu. Majibu ya udongo peke yake hayakubadilisha matumizi ya mbolea. Vocha peke yake haikubadilisha. Waliopata vyote viwili ndio walionunua mbolea na kuongeza mavuno. Salfa ilikuwa pungufu kwenye mashamba mengi waliyopima, jambo ambalo kifurushi cha DAP na urea kamwe kisingelitambua, kwa sababu mbolea hizo mbili hazina salfa. Mbolea ya SA inayo, na ilikuwemo kwenye orodha ya ruzuku ya 2022. Aliyepaswa kuichukua hakujua kwamba ni yake.

India imetupa somo lake, kwa ukubwa wa kutisha. Februari 19, 2015, pale Suratgarh katika jimbo la Rajasthan, Waziri Mkuu Narendra Modi alizindua kadi ya afya ya udongo. Vipimo 12 kwa kila sampuli, na kadi zaidi ya milioni 200 zimegawiwa tangu hapo. Nami nawavulia kofia. Lakini sampuli zilichukuliwa kwa miraba: moja kwa kila hekta 2.5 penye umwagiliaji, moja kwa kila hekta 10 panapotegemea mvua. Ndani ya hekta 10 kuna wakulima wengi, kilima na bonde, na wote walipata majibu yaleyale. Na pamoja na kadi kusema punguza urea, ongeza hiki na kile, bei ilisema vingine: mfuko wa kilo 45 wa urea umeshikiliwa kwenye rupia 242 kabla ya kodi, wakati mfuko wa kilo 50 wa DAP ni rupia 1,350. Mkulima aliyeshika kadi kwa mkono mmoja na pochi kwa mwingine, nani asiyejua atausikiliza upi?

Ethiopia ilishika upande wa duka. Kuanzia 2012 ilichora ramani ya udongo wa nchi, na kwa ramani hiyo ikaachana na DAP iliyotumika kwa miongo, ikaleta mbolea yenye salfa na michanganyiko yenye zinki na boroni. Huo ni ujasiri, duka lilibadilika kufuata udongo. Ila michanganyiko ilitangulia majaribio. Vitalu vya baadaye vilionyesha kwamba mahali pengi mazao yaliendelea kuitikia naitrojeni na fosforasi kuliko hivyo vilivyoongezwa, na ramani, hata iwe nzuri vipi, haijui shamba la nani lilipata samadi. Kwangu mimi nchi hizi mbili zinasimulia kisa kimoja kutoka pande mbili: India ilipima ikaacha bei kama ilivyokuwa, Ethiopia ikabadilisha duka kabla ya kitalu kuthibitisha.

Tanzania ina nafasi ambayo hao hawakuwa nayo. Daftari la wakulima la ruzuku lipo tayari kwenye kompyuta, na kila mfuko unaonunuliwa unajulikana umekwenda kwa nani. Kinachokosekana ni safu moja katika daftari hilo: pH na fosforasi ya shamba. Ikiwekwa, ruzuku inaweza kupindishwa kufuata udongo. Mwenye pH chini ya 5.5 apewe sehemu ya haki yake kwa chokaa, pamoja na nauli ya lori. Mwenye fosforasi ya kutosha, na wapo, hasa waliomwaga DAP au samadi miaka mingi, aambiwe aache DAP msimu huu na fedha hiyo aiweke kwenye mbolea ya kukuzia. Minjingu, ambayo huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye uchachu na kushindwa kwenye udongo wa magadi, ipelekwe inakofaa, badala ya kusambazwa kila mahali kisha ikasifiwa huku na kulaaniwa kule. Hasira ya wakulima wengi dhidi ya Minjingu enzi za vocha, kwa maoni yangu, ilitokana na kupelekewa dawa ya mgonjwa mwingine.

Najua nitaambiwa fedha haitoshi kupima mashamba ya kaya zote. Haitoshi, na haihitajiki. pH na fosforasi hazibadiliki kwa msimu mmoja. Kipimo cha kila miaka mitatu kinatosha. Na kijiji hakina udongo wa aina mia. Wazee watakuonyesha udongo wa kilimani, wa mteremko na wa bondeni, wanaujua kwa rangi na kwa namna unavyoshika jembe. Wakulima wa mteremko mmoja, wenye historia moja ya mbolea, wanaweza kuchangia sampuli moja iliyochukuliwa kwa makini. Hapo tunatofautiana na miraba ya India: mpaka unachorwa na anayelijua shamba.

Karatasi nayo iandikwe upya. Iandikwe kwa Kiswahili, isifiche vipimo vya kitaalamu lakini isianze navyo. Ianze na jina la mbolea, mifuko kwa ekari, na kipimo cha shimo. Mkulima wa mahindi hapimi kwa kilo kwa hekta, anapima kwa kisoda. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, ekari ina mashimo kama 9,000. Mfuko mmoja wa kilo 50 unampa kila shimo gramu 5 na nusu, ambazo ni karibu kisoda kimoja kilichojaa. Hesabu hiyo inakaa kwenye mstari mmoja. Na karatasi ifike kabla ya Septemba kwisha, ambayo maana yake udongo uchukuliwe Juni na Julai mara baada ya kuvuna, si wakati watu wameshaanza kutifua.

Agosti nilipita tena kwa yule mama. Alikuwa ameshachukua sampuli tatu mwenyewe, na wajukuu wawili walishika ndoo. Zilikuwa zimeanikwa juu ya magunia chini ya dari ya stoo, kila moja na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa penseli: juu, nyumbani, bondeni. Alinionyesha kichuguu alichokikwepa. Kisha akanieleza kwamba yeye na majirani tisa wamekubaliana kuchangia nauli ya lori moja la tani 10, wagawane chokaa ekari moja moja, ila wakala amewaambia hajawahi kuagiza chokaa na hajui ataiandikaje kwenye mashine ya ruzuku. Nikaahidi kwenda naye ofisi ya kilimo ya wilaya. Tulikwenda Jumatatu.

Majibu ya juu na ya nyumbani yamesharudi. Ya bondeni bado, na Njombe mvua huanza Novemba.